Dawa ya mababu na kipimo chake

Tukizungumza habari ya dawa za kienyeji hapa Kalima, watu wanagawanyika mara mbili. Wamoja wanasema: "Hayo ni mambo ya zamani, muende lopitalo." Wengine wanajibu: "Dawa ya babu haina dozi, kunywa tu." Sisi tunaona pande zote mbili zinawakosea wazee.

Si kweli kwamba babu hakuwa na kipimo. Munganga wa kijiji alikwenda msituni mwenyewe. Alijua mti, alijua kama ni ganda au ni mzizi, alijua kiasi cha mtoto na kiasi cha mtu mzima. Tena alimjua mgonjwa na nyumba yake. Dawa ikimdhuru, ukoo mzima ulikuja kumwuliza. Wala ujuzi huo haukutolewa ovyo. Mwanafunzi alimfuata mwalimu wake miaka mingi, ngazi kwa ngazi, kama vile Walega walivyopanda ngazi za bwami. Huo ulikuwa ukaguzi, ijapokuwa haukuandikwa.

Leo dawa inafika sokoni ndani ya chupa ya bia au ya bido. Nani aliichuma? Lini? Ilichemshwa na maji gani? Hakuna anayejua. Muuzaji anasema tu: "Hii inaponyesha palu, tumbo, mgongo, yote." Tumebaki na jina la mila, lakini kile kilichoilinda tumekitupa.

Mkoa wetu wa Maniema umekwisha kulipa kosa la namna hiyo. Mwaka 2015 chai ya artemisia ilijaribiwa huku kwetu juu ya wagonjwa wa malaria zaidi ya 900: wengine walipewa chai, wengine vidonge vya ASAQ. Mwaka 2019 Jérôme Munyangi na wenzake walitangaza katika jarida Phytomedicine kwamba chai imeshinda vidonge. Kumbe wataalamu walitilia shaka namna jaribio lilivyoendeshwa, na mwaka 2020 jarida likaifuta makala ile. Hasara ni yetu. Wagonjwa walikuwa watu wa hapa, na jaribio hilo haliwezi kutuambia kwa uhakika jani liliwafanyia nini.

Na jani lenyewe si moja. Artemisia annua ina artemisinini. Artemisia afra haina, ama inayo kidogo sana. Hata annua inabadilika kufuatana na mbegu, udongo, wakati wa kuchuma na namna ya kukausha. Glasi ya leo si glasi ya kesho. Dozi ikiwa ndogo, homa inaweza kushuka huku vijidudu vimebaki katika damu. Mama anaamini mtoto amepona, na siyo. Ndiyo maana mwaka 2019 OMS ilisema haiungi mkono matumizi ya jani hilo kwa kutibu malaria.

Je, kupima ni kuua mila? Hapana. Mama Tu Youyou wa China alipata njia katika kitabu cha kale cha nchi yake, akaacha kuchemsha jani, akalikamua kwa namna nyingine isiyoliunguza. Kutoka hapo ikapatikana artemisinini, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kinini nayo ilitoka katika ganda la mti wa kinkina, na jirani zetu wa Bukavu wanajua kazi hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu ya kiwanda cha Pharmakina.

Basi tusingoje laboratwari ya Kinshasa. Waganga wetu na walimu wakae pamoja na daftari: jina la mti kwa Kilega, sehemu inayochumwa, siku na mahali, kiasi cha maji, kiasi cha mtoto, na nani asiinywe. Kila chupa iandikwe jina la aliyeitengeneza, ili tuwe na mtu wa kuuliza, kama zamani. Na mtoto akiwa na homa, damu ipimwe kwanza kwenye kituo cha afya, apewe dawa inayojulikana dozi yake. Hapo hatutakuwa tumemwacha babu. Yeye pia hakutoa dawa bila kujua anampa nani, na kiasi gani.