Historia ya Sinema na Watazamaji Wake

Sinema ni sanaa changa ikilinganishwa na ngoma, utenzi au uchongaji. Hata hivyo, katika nchi yetu imekwisha kutimiza zaidi ya miaka mia moja, na jumba la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anayetaka kujua historia yake huelekezwa Paris ya mwaka 1895, kwa ndugu wawili Lumière, kisha huvushwa bahari hadi Hollywood, na huko huachwa. Vitabu vitatu vilivyotolewa kati ya mwaka 2015 na 2019 vyatulazimisha kuianza safari hiyo mahali pengine.

Cha karibuni zaidi katika hivyo vitatu ni kile cha Tom Rice, *Films for the Colonies* (2019). Chahusu idara ya sinema ya makoloni, ambayo Waingereza waliiendesha tangu 1939 hadi 1955. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kuifuata picha iendayo mbio; apewe picha ndefu, za polepole, zisizo na hila za kamera. Nadharia hii haikuwa ngeni Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, lilifanyika jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa sinema kama thelathini na tano, za safura, za ufugaji, za kuweka akiba posta. Zilizosalia leo ni chache mno. Rice ni mtafiti mwenye subira, naye ayafichua mawazo hayo bila kelele; lakini chanzo chake kikuu ni majalada ya watawala wenyewe, na kwa sababu hiyo mtazamaji huonekana kwa mbali tu, kama umati uliokaa gizani.

Umati huo ndio Laura Fair anaoutia nuru katika *Reel Pleasures* (2018), na kwa maoni yetu kitabu hiki ndicho bora katika vyote vitatu. Fair aliwauliza watazamaji wenyewe, wazee wa Unguja, Dar es Salaam na miji mingineyo, pamoja na wenye majumba na waliouza tikiti kwa magendo. Jibu analolipata laiangusha nadharia ya Sellers. Wakati wataalamu wa Vugiri walipokuwa wakibishana kama Mwafrika aweza kuelewa picha inayokata ghafla, watu wa mwambao walikuwa wamekwisha kuzoea kwenda sinema kwa miaka mingi. Hawakungoja kufundishwa kutazama.

Mfano wake wa *Awara*, sinema ya Raj Kapoor iliyotoka 1951, wafaa kusomwa na kila mwalimu wa fasihi. Hadithi yenyewe yauliza kama tabia ya mtu hutokana na ukoo aliozaliwa nao ama na malezi na umaskini. Katika nchi iliyotawaliwa kwa kupanga watu madaraja kwa rangi na nasaba, swali hilo halikuwa la Wahindi peke yao. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, lakini walitoka wakijadiliana juu ya wajibu wa baba na haki ya mtoto. Vilevile Fair aeleza maonyesho ya zanana huko Unguja, ambako wanawake walijaza jumba peke yao. Jambo hili wanahistoria wa siasa wamelipita kando, nasi twadhani walipoteza kitu.

Mahali anapotuacha na njaa ni bara. Kitabu chake ni cha miji yenye majumba ya sinema, na hilo ni haki yake. Lakini mji kama Babati, ulioko kwenye barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Arusha, na uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, una historia ya namna nyingine. Katika sehemu nyingi za bara sinema ilikuja kwa gari, ikatundikwa uwanjani usiku mmoja, ikaondoka. Picha ilihitaji msemaji mwenye kipaza sauti wa kuieleza. Rice anaonyesha jinsi msemaji huyo alivyokuwa na nguvu kuliko picha yenyewe: aliweza kugeuza maana, kutia mzaha, hata kuificha nia ya serikali. Sasa fikiria nchi ya Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wabarbaig, ambako Kiswahili kwa wengi kilikuwa lugha ya pili. Ni nani aliyesema, kwa lugha ipi, na watu walicheka wapi?

Hapa kitabu cha tatu chasaidia. Katika *African Appropriations* (2015), Matthias Krings anawachunguza wafasiri wa mabanda ya video, akiwemo yule aliyejulikana kama Lufufu, waliosimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya wenyewe. Krings awaona kama wasanii wanaoitwaa kazi ya mgeni na kuifanya yao. Twakubaliana naye, ila twaongeza kwamba kazi hiyo yafanana mno na ya msemaji wa gari la sinema. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja utaona kama fani moja ya masimulizi iliyobadili mitambo tu.

Lipo pia pengo la waigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika sinema za Kiswahili, mojawapo *Muhogo Mchungu*, na mwigizaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Wanafunzi wangapi wanaomjua Simba wa Vita wanajua kwamba aliwahi kuonekana kwenye kiwambo? Kinyume chake, *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa 1962, hukumbukwa kote duniani. Jina lake ni la Kiswahili, na wenye lugha hiyo wamo ndani kama sehemu ya mandhari.

Vitabu vyote vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza cha wanazuoni, na mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kuvimaliza. Kama fedha za tafsiri ni za sura moja tu, tungependekeza ile ya Fair ihusuyo mapokezi ya sinema za kigeni, kwa sababu wazee walioitazama *Awara* wamebaki wachache, na waliobaki wanaweza bado kusomewa na wajukuu wao na kusema ni wapi mwandishi amekosea.