Nyuma ya Kinyago: Uhakiki wa Nadharia za Uoni na Mguso katika Ufundishaji wa Awali wa Sanaa ya Vipimo Vitatu

Utangulizi

Sehemu hii inahakiki mikabala miwili ya kinadharia inayoongoza, kwa kujua au kwa kutojua, ufundishaji wa awali wa sanaa ya vipimo vitatu katika shule za sekondari. Sanaa ya vipimo vitatu ni ile yenye urefu, upana na kina, kama vile uchongaji, ufinyanzi na uundaji wa maumbo kwa karatasi, waya au mbao. Mkabala wa kwanza huichukulia kazi ya namna hiyo kuwa picha iliyopewa unene. Wa pili huichukulia kuwa kitu kinachotambuliwa kwanza kwa mkono na kwa mwili. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mwalimu anayeanza na mchoro wa upande mmoja humfundisha mwanafunzi uso wa kitu tu, na kumwacha bila njia ya kuufikia upande wa nyuma. Kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa kimeteuliwa kuwa kipimo cha nadharia hizo, kwa kuwa ni kazi iliyo karibu na mwanafunzi wa Afrika Mashariki na haisomeki kikamilifu kutoka upande mmoja.

Suala hili si la istilahi pekee. Pale ambapo stadi ya kuchora hutangulizwa kama mlango wa stadi nyingine zote, mwanafunzi asiyeweza kuchora huhesabiwa kuwa hana kipaji cha sanaa kabla hajashika udongo wala patasi. Kwa hiyo, uchaguzi wa nadharia ni uchaguzi wa nani ataingia darasani na nani atabaki nje.

Mkabala wa uoni

Mtetezi mkuu wa mkabala wa uoni ni Adolf von Hildebrand, mchongaji wa Ujerumani, katika kitabu chake kuhusu tatizo la umbo kilichotoka mwaka 1893. Hildebrand alidai kwamba jicho hupata umoja wa kazi ya sanaa linapoitazama kutoka mbali, mahali ambapo kitu huonekana kama taswira moja tulivu. Mtazamaji akikaribia, jicho hulazimika kuhama huku na huko, na umoja huo huvunjika. Kutokana na msingi huo, alihimiza kwamba hata mchongo uliosimama peke yake uwe na upande mkuu wa kutazamwa, na ufikiriwe kama mchongo bapa, yaani umbo linalotokeza kutoka kwenye uso ulio nyuma yake. Mfano wa karibu wa mchongo bapa ni nakshi za milango ya Zanzibar: kina kipo, lakini mtazamaji hahitaji kuuzunguka mlango ili aielewe nakshi.

Nadharia hii ina nguvu ambayo mhakiki hapaswi kuipuuza. Inampa mwanafunzi mpangilio: anajua mahali pa kuanzia na jinsi ya kulinganisha sehemu na sehemu. Aidha, Hildebrand mwenyewe hakuwa mtu wa karatasi. Alithamini kuchonga jiwe moja kwa moja kuliko kufinyanga, na alitaka mchongaji achore umbo kwenye uso wa mbele wa jiwe kisha aingie ndani taratibu. Hapo ndipo udhaifu wa nadharia yake unapojitokeza. Kwa Hildebrand, kina ni kitu kinachofuata picha. Mchongaji hutoka mbele kwenda nyuma, na nyuma huwa ni mahali ambapo picha imeishia.

Namna hii ya kufikiri huonekana darasani hata pale ambapo jina la Hildebrand halijulikani. Mwanafunzi anayeambiwa achore kinyago kutoka mbele, kisha achonge kwa kuufuata mchoro huo, hutoa kazi yenye uso uliotiwa bidii na mgongo ulioachwa kama ubao. Kosa hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa uvivu wa mwanafunzi, ilhali ni matokeo halali ya maagizo aliyopewa.

Mkabala wa mguso

Herbert Read, mhakiki wa Uingereza, alichukua msimamo tofauti katika kitabu chake kuhusu sanaa ya uchongaji cha mwaka 1956. Kwa Read, uchongaji ni sanaa ya kupapasa. Uzito, ujazo na ugumu wa kitu hutambuliwa kwa kiganja na kwa hisia za mwili, na jicho huja kusaidia tu. Clement Greenberg, mhakiki wa Marekani, aliupinga msimamo huo kwa hoja kwamba uchongaji wa kisasa hupokewa kwa macho. Pingamizi lake lina mantiki kwa upande wa mtazamaji: mtu anayeingia katika jumba la makumbusho haruhusiwi kugusa kilichomo. Hata hivyo, mwanafunzi wa hatua ya awali si mtazamaji wa makumbusho. Ni mtendaji, na mtendaji hawezi kuunda kitu bila kukishika. Kwa hiyo, pingamizi la Greenberg linapunguza uzito wa nadharia ya Read kama nadharia ya upokezi, lakini haliigusi kama msingi wa ufundishaji.

Msingi huo unaimarishwa na kazi ya Viktor Lowenfeld, aliyefundisha sanaa kwa watoto wasioona huko Vienna kabla ya kuhamia Marekani. Lowenfeld aliona kwamba mtu asiyeona anaweza kuunda maumbo yenye mpangilio na hisia. Pia alibainisha kuwa hata miongoni mwa wenye kuona wapo wanaotegemea zaidi mguso na hali za mwili kuliko picha. Ikiwa uchunguzi huo unakubalika, basi somo linaloanza na mchoro halipimi uwezo wa wanafunzi wote wa kuunda umbo. Linapima uwezo wa kundi moja kwa kipimo kinacholifaa kundi hilo.

Kinyago cha ujamaa kama kipimo cha nadharia

Uchongaji wa Wamakonde wa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji una mitindo kadhaa. Mtindo wa shetani, ambao kuasisiwa kwake hutajwa pamoja na jina la Samaki Likankoa, hupinda na kutoboa umbo la kiumbe. Mtindo wa ujamaa, uitwao pia dimongo, huonyesha watu wengi waliobebana na kushikana kuzunguka gogo moja la mpingo. Jina la ujamaa linahusishwa na siasa iliyotangazwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967.

Kinyago cha namna hii hakimkubali Hildebrand. Mtu anayeonekana mbele akiwa amejikunja, mkono wake huishia upande wa pili, na mguu alioukanyagia ni bega la mtu aliye nyuma. Maana ya kubebana haipo kwenye sura yoyote moja. Ipo katika mwendo wa kuzunguka. Mtazamaji akisimama mahali pamoja ataona umati, na akizunguka ataona nani amembeba nani. Vilevile, matundu yaliyo kati ya miili si mabaki ya kazi. Mchongaji ameyatoa kwa tezo na patasi kwa makusudi yaleyale aliyotolea viungo, na bila matundu hayo watu wangerudi kuwa gogo.

Malighafi nayo ina sauti yake. Mpingo ni mti mgumu, mzito kiasi cha kuzama majini, na kiini chake cheusi kimezungukwa na tabaka la mti jeupe. Gogo lililopinda humlazimisha mchongaji kupinda pamoja nalo. Kwa maana hiyo, umbo halianzi kwenye karatasi na kuhamishiwa kwenye mti. Linatokana na majadiliano kati ya nia ya mchongaji na kile ambacho gogo linakubali.

Hata hivyo, hitimisho la haraka lazima liepukwe. Si kila kinyago cha Kimakonde kiko hivi. Vinyago vingi vinavyotengenezwa kwa ajili ya soko la watalii vina upande wa mbele uliokusudiwa kwa rafu ya duka, na kwa hivyo humtii Hildebrand kikamilifu. Kufundisha uchongaji wa Kimakonde kama orodha ya mitindo ya kukariri, au kama fahari ya urithi pekee, hakuleti tofauti yoyote katika mkono wa mwanafunzi. Kinachopaswa kuchukuliwa kutoka kwa wachongaji ni utaratibu wao wa kufikiri.

Athari kwa ufundishaji

Mpingo haufai kuwa malighafi ya hatua ya awali: hukua polepole, ni ghali, na ugumu wake unahitaji mkono uliozoea. Mche wa sabuni unaweza kuchukua nafasi yake, kwa kuwa nao huchongwa kwa kupunguza, na kilichoondolewa hakirudi. Udongo wa mfinyanzi hufundisha kinyume chake, yaani kuongeza na kurekebisha. Mwalimu anayetumia udongo pekee huondoa somo la kupima kabla ya kukata. Anayetumia sabuni pekee huondoa somo la kujaribu na kurudi nyuma. Vyote viwili vinahitajiana.

Utaratibu unaoafikiana na hoja hii ungeanza na kitu kilichofichwa ndani ya mfuko. Mwanafunzi hukipapasa bila kukiona, kisha hukifinyanga. Hatua ya pili ni kuchonga mche wa sabuni kwa sharti kwamba ugeuzwe kila baada ya muda mfupi, ili upande wowote usimalizike kabla ya mwingine kuanza. Hatua ya tatu inaweza kuazimwa kutoka kwa Josef Albers. Katika kozi ya awali ya chuo cha Bauhaus huko Ujerumani, Albers aliwapa wanafunzi magazeti na kuwataka wayaheshimu kama malighafi, bila kuyaharibu. Mwanafunzi wake Hannes Beckmann alisimulia kwamba kazi iliyosifiwa haikuwa ile iliyoiga jumba au ndege, bali karatasi iliyokunjwa tu hadi ikaweza kusimama yenyewe. Zoezi hilo halihitaji bajeti, na linathibitisha kwamba uhaba wa vifaa si sababu tosha ya kulibakiza somo kwenye ubao na daftari. Mchoro haufukuzwi katika utaratibu huu. Huja baadaye, mwanafunzi anapochora alichokwisha kukishika, na kutoka pande zaidi ya moja.

Upimaji nao lazima ubadilike. Kazi inayotunzwa alama kwa picha moja ya kamera imerudishwa mikononi mwa Hildebrand, hata kama ilifundishwa vinginevyo. Mtahini anapaswa kuigeuza kazi na kumuuliza mtahiniwa kwa nini upande wa nyuma uko kama ulivyo.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nadharia ya uoni inaeleza vizuri mchongo bapa, lakini inashindwa mbele ya kazi ambayo maana yake imo katika kuzungukwa. Nadharia ya mguso, licha ya upungufu wake katika kueleza upokezi, inatoa msingi imara zaidi kwa hatua ya awali, na inapanua idadi ya wanafunzi wanaoweza kuonekana kuwa na uwezo. Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa muktadha wa somo hili, sababu yake iko wazi: aliyekichonga anaijua nyuma yake.