Bahati, Nasibu na Ovyo

Katika vitabu vya hesabu na vya uchunguzi viandikwavyo kwa Kiswahili siku hizi, neno nasibu limepewa kazi mpya. Sampuli nasibu, nambari nasibu: ndivyo waandikavyo wataalamu watakapo kutaja jambo lisilotabirika moja moja, wala halikuelekezwa na mtu. Wengine husema bila mpangilio, na wengine, kwa haraka, huandika ovyo. Twaona ya kuwa maneno haya hayalingani, na mwalimu asiyeyapambanua atawapoteza wanafunzi wake.

Tuanze na asili. Nasibu ni neno la Kiarabu, maana yake fungu la mtu. Bahati imetoka katika Kiajemi, na shina lake la kale nalo ni la kugawa. Hata ajali, ambayo leo ni gari kupinduka, kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu kufa. Basi msemaji wa Kiswahili atakapo kutaja jambo lisilokusudiwa na mtu, hushika neno ambalo ndani yake mna mgawaji. Fungu halijigawi. Ndipo swali la "nani?" huja lenyewe, kabla ya swali la "kwa namna gani?"

Tazameni Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Katika Luka 10:31 kuhani hupita njia ile kwa nasibu. Katika Mhubiri 9:11 wafasiri wametumia bahati. Lakini neno la Kiyunani lililoko kwa Luka, synkyria, ni la mambo kukutana, na la Kiebrania lililoko kwa Mhubiri, pega, ni la jambo kumkuta mtu. Hamna fungu humo. Mahali pa Luka neno sadfa lingalikuwa karibu zaidi, ingawa twakiri ya kuwa wasomaji wengi wa bara wasingalilielewa. Hatuwalaumu wafasiri kwa kuchagua neno lililojulikana. Twasema tu kwamba neno lile lilikuja na mzigo usiokuwamo.

Je, mzigo huu wadhuru? Wadhuru sana. Nyumba moja ikifiwa na watoto wawili katika masika moja, si wengi wasemao kwamba mambo yamekutana. Husemwa kuna mkono wa mtu, na mara nyingi mkono huo huonekana kuwa wa bibi kizee asiye na mtetezi. Wala hoja yao si ya kipumbavu: mbona msiba urudi pale pale, na nyumba nyingine zisiguswe?

Hoja hiyo hiyo iliwahi kusemwa London. Katika miaka ya 1944 na 1945 mabomu yarukayo ya Wajerumani yaliuangukia mji ule, na watu walipoona mitaa fulani yapigwa tena na tena walidhani adui ailenga. Mwaka 1946 R. D. Clarke alichapisha hesabu yake. Aliigawa sehemu ya kusini ya mji katika miraba 576, kila mmoja robo ya kilometa ya mraba, akahesabu mabomu 537. Miraba 229 haikupigwa kabisa. 211 ilipigwa mara moja. 93 mara mbili. 35 mara tatu. 7 mara nne. Na mmoja mara tano au zaidi. Kisha akatafuta ingalikuwaje kama mabomu yangalianguka bila mraba wowote kulengwa, akapata takriban 227, 211, 99, 31, 7 na 2.

Twawaomba wasomaji wakae kidogo juu ya tarakimu hizi. Mraba uliopigwa mara nne haukuchukiwa kuliko ule uliosalimika. Jambo la nasibu halijitandazi sawasawa kama mbegu katika matuta. Hurundikana hapa, huacha uwazi pale. Kama Clarke angalikuta karibu kila mraba umepigwa mara moja tu, hapo ndipo angalipaswa kuuliza ni mkono wa nani uliopanga. Hatusemi kwamba vifo vya nyumba moja havina sababu, maana kisima kichafu chaweza kuua wawili. Lakini kisima huchunguzwa. Kule kurudi kwa msiba peke yake si ushahidi juu ya mtu.

Sasa neno ovyo. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilipiga kura ya kuwaita vijana jeshini, wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa zilitiwa katika vibweta vidogo, mwezi baada ya mwezi, navyo havikuchanganywa vya kutosha. Mwenye nambari ndogo ndiye aliyeitwa kwanza. Wastani wa nambari za Januari ulikuwa takriban 201. Wa Desemba, takriban 122. Vijana waliozaliwa mwisho wa mwaka walitangulia vitani kupita wenzao, wala si kwa hila ya mtu. Kazi ilifanywa ovyo, ikadhaniwa kuwa nasibu. Kura ya haki yataka kazi nyingi, na ovyo ni kuikosa kazi hiyo. Kwa hiyo, pamoja na kasoro zake zote, twalishika neno nasibu, mradi mwalimu awaonye wanafunzi juu ya fungu na mgawaji.

Na awaonyeshe kwa mikono yao. Nusu ya darasa warushe shilingi mara 100 na kuandika matokeo. Nusu nyingine wayabuni matokeo yao bila kurusha. Wabunifu huogopa kuandika upande mmoja mara sita mfululizo, wakiona kwamba hauaminiki, na hali katika kurusha kwa kweli mfululizo wa namna hiyo, au mrefu zaidi, hutokea takriban mara 8 kati ya 10. Mwalimu akizipokea karatasi, ataweza kuzitenga nyingi kwa kutazama tu.