Mwacheni Creon Aseme

Ukitaka kujua kama mwongozaji ameielewa Antigone ya Sophocles, usimwangalie Antigone. Huyo atapendwa tu. Binti mdogo, maiti ya kaka yake imetupwa nje iliwe na mbwa na ndege, mfalme ametangaza asizikwe, na yeye anakwenda kumfunika kwa mavumbi huku akijua adhabu ni kifo. Nani atamchukia? Mwangalie Creon anapoingia mara ya kwanza. Kama ameingia na magwanda, miwani myeusi na kirungu, nyuma yake vijana wawili wenye bunduki, basi jua mechi imeshauzwa. Endelea kula karanga zako. Hata aseme nini, hakuna atakayemsikiliza, manake mavazi yameshasema kila kitu.

Mtindo huu umezoeleka mno. Eti ndiyo njia ya kumfanya mtazamaji wa leo aielewe tanzia ya Wagiriki: tafuta dikteta unayemjua, mvike Creon nguo zake, Antigone mpe fulana na jinzi, mchezo tayari. Mimi sina ugomvi na jinzi. Ugomvi wangu ni kwamba ukishafanya hivyo tanzia imekwisha, kilichobaki ni mkutano wa hadhara. Watu wote ukumbini wanakubaliana kabla taa hazijazimwa, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani wakijiona mashujaa. Na sisi tunaoandika tunatoka pale tumejifunza kitu kibaya: kwamba adui katika mchezo hana haja ya kuwa na akili.

Hebu turudi kwenye kisa chenyewe. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wamegombea ufalme wa Thebes. Polynices amefukuzwa, akaenda Argos, akaleta jeshi la kigeni kuuchoma mji alikozaliwa. Ndugu hao wakauana wao kwa wao langoni. Asubuhi ile ile mjomba wao Creon anashika madaraka. Moshi wa vita haujatulia. Anaamuru aliyeulinda mji azikwe kwa heshima, na aliyeleta jeshi abaki pale alipoangukia.

Sasa jiweke mahali pa Mwathene aliyekaa pale chini ya Akropoli, kama mwaka 441 K.K., akitazama. Sheria ya mji wake mwenyewe ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya Attica. Ndugu wangeweza kumpeleka nje ya mipaka wakamzike huko, lakini ndani, hapana. Kwa hiyo Creon alipotoa amri yake, yule bwana hakuruka kwa mshangao. Alikuwa anasikia kitu anachokijua, kilichosogezwa hatua moja mbele: si kwamba maiti isizikwe hapa tu, bali isizikwe popote, na watu walinde isiguswe. Hapo penye hatua moja ndipo tanzia ilipo. Ukimfanya Creon zimwi tangu mwanzo umeifuta hatua hiyo.

Tena kuna ushahidi mzuri zaidi. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 343 K.K., msemaji maarufu Demosthenes alimshitaki Aeschines, mwanasiasa mwenzake aliyewahi kuwa mwigizaji na ambaye alikuwa akicheza nafasi ya Creon. Katikati ya kesi Demosthenes akaomba isomwe hotuba ya kwanza ya Creon, ile inayosema kiongozi anayemthamini rafiki kuliko nchi yake si kitu. Hakuisoma kwa kejeli. Aliisoma kama maneno ya busara, akamwambia mwenzake: haya uliyasema sana jukwaani, mbona ulipotumwa kwa niaba ya mji uliyasahau? Yaani mbele ya mahakama ya Athens Creon alinukuliwa kama mzalendo. Na huyu ndiye mtu tunayemvalisha miwani myeusi!

Sisemi Creon ana haki. Anaharibu, na anaharibu vibaya. Mlinzi akimletea habari kwamba maiti imefunikwa, wazo lake la kwanza ni kwamba kuna mtu kahongwa. Mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, anakuja kwa adabu kabisa kumweleza kwamba mitaani watu wananong'ona na kumhurumia yule binti, naye anaishia kusema mji ni mali ya mtawala. Hapo amekwisha. Lakini lazima tumwone akifika hapo. Mtu aliyeanza vizuri akapotea njia hatua kwa hatua anatisha kuliko mtu aliyezaliwa amepotea, kwa sababu huyo wa kwanza anaweza kuwa mimi.

Kuna jambo moja dogo ambalo waongozaji wa mkutano wa hadhara hulipita bila hata kuliona, na kwangu mimi ndilo fundo la mchezo mzima. Antigone anatolewa jukwaani, akapelekwa kuzikwa hai pangoni, wakati bado mistari zaidi ya 400 kati ya 1,353. Hatumwoni tena akiwa hai. Anakuja Tiresias, mtabiri kipofu, anamtisha Creon, na kwa mara ya kwanza Creon anayumba. Anawauliza wazee nifanye nini. Wanamjibu wazi: nenda kamtoe msichana pangoni, kisha umjengee marehemu kaburi. Msichana kwanza. Anakimbia. Halafu mjumbe anatuletea habari, nasi tunagundua kwamba Creon amepindua mpangilio. Kaanza na maiti. Kaiosha, kaichoma masalia, kaifukia na kuinua tuta, kila kitu kwa taratibu zake, ndipo akaenda pangoni. Antigone amekwishajinyonga. Haemon anajiua mbele ya baba yake, na nyumbani mama naye anajiua.

Mtu aliyekataa mazishi anachelewa kwa sababu ya mazishi! Sasa niambie, dikteta wa kirungu atalicheza vipi hilo? Hawezi. Hilo linahitaji mtu wa utaratibu, mtu anayeamini kwamba mambo ya umma yanatangulia na ya mtu mmoja yanafuata, hata anapotubu. Kosa lake la mwisho limetoka kwenye mfuko ule ule uliotoa hotuba yake nzuri ya kwanza.

Wakubwa waliomgusa Antigone katika karne iliyopita wamelijua tatizo hili, kila mmoja kwa namna yake. Bertolt Brecht aliuonyesha mchezo huu mjini Chur, Uswisi, Februari 1948, mkewe Helene Weigel akiwa Antigone, ubao wa mlango umefungwa mgongoni kwake. Picha ile peke yake inatosha kitabu. Alitanguliza onyesho fupi la dada wawili Berlin, Aprili 1945, ndugu yao mtoro wa jeshi ananing'inia nje. Lakini Brecht alibadili kisa: Creon ndiye anayevamia Argos akitaka madini ya chuma, na Polynices anauawa kwa kukimbia vita hiyo. Ni kazi ya fundi, nakubali, na kwa Wajerumani wa miaka ile ilikuwa na sababu zote. Ila Creon wake hana hoja hata moja, na mimi nikiisoma najua tangu ukurasa wa kwanza nitasimama upande gani.

Jean Anouilh alikwenda upande wa pili. Antigone yake ilionyeshwa Paris, Februari 1944, Wajerumani wakiwa wameukalia mji, na wakaipitisha. Waigizaji walivaa nguo za siku zile, walinzi wanacheza karata. Creon wake ni mtu mzima aliyechoka, aliyekunja mikono ya shati kwa sababu lazima mtu aifanye kazi chafu. Anamweleza Antigone kwamba kaka zake wote wawili walikuwa wahuni, na maiti zilivyopondeka hata hajui yupi ni yupi. Anamtega binti mpaka anakaribia kushindwa. Wapo waliomwona Antigone huyu kama mpinzani wa Wajerumani, wapo walionung'unika kwamba mtunzi amempendelea Creon. Nami nanung'unika nao kidogo. Mwishoni Antigone wa Anouilh anafika mahali ambapo hajui tena anafia nini. Wa Sophocles anajua.

Na huyo wa Sophocles naye si malaika. Mnalisahau hilo. Anamkaripia dada yake Ismene mpaka unamwonea huruma. Halafu anapoelekea kufa anatoa hoja ya ajabu: kwamba asingefanya hivi kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa hao wanaweza kupatikana wengine, lakini wazazi wakishakufa ndugu hapatikani tena. Goethe mwenyewe alitamani mtaalamu fulani athibitishe kwamba maneno hayo yamechomekwa na mtu mwingine. Waongozaji wa leo huyakata kimyakimya. Lakini Aristotle aliyajua, akayatolea mfano. Yaacheni! Binti anayehesabu vile saa ya mwisho ni mtu wa kweli, na Creon wa kweli anastahili mpinzani wa kweli.

Kwetu tunaoandika Kiswahili swali hili lina upande wake. S. S. Mushi alitupa Mfalme Edipode tangu 1971, kwa hiyo Sophocles si mgeni kabisa katika lugha hii. Anayetaka kumleta Antigone ajiulize kwanza: Creon ataongea Kiswahili gani? Wengi watakimbilia Kiswahili cha kebehi, kile cha "ndugu wananchi" cha kuchekesha watu. Nasema mpe Kiswahili kizuri kuliko wote. Kilichotulia, chenye methali mahali pake, ambacho ukikisikia redioni ungeacha kijiko mezani usikilize. Cha mtaani mpe yule mlinzi. Hata kwenye Kigiriki ni mtu wa kuzungukazunguka, anajitetea kabla hajashitakiwa, anaeleza jinsi alivyosimama njiani mara kadhaa akijiuliza aende au arudi. Huyo ni wetu kabisa, unamkuta kila kituo cha basi. Na wale wazee kumi na tano wa korasi msiwapunguze wakawa mtangazaji mmoja wa televisheni. Haemon na baba yake wakishabishana, wazee wanasema wote wawili wamesema vema. Wote wawili! Hao ndio sisi ukumbini, na tunastahili kujiona.

Nimeacha mpaka sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote hii. Mwaka 1965 kikundi cha Serpent Players cha New Brighton, Port Elizabeth, kiliandaa Antigone. Kijana aliyepangiwa nafasi ya Haemon akakamatwa kabla ya onyesho na kupelekwa kisiwa cha Robben, na huko gerezani akawaigizia wenzake kipande cha mchezo ule ule. Kutokana na habari hiyo Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona wakatunga The Island, iliyoonyeshwa Cape Town mwaka 1973. Wafungwa wawili, John na Winston, wanafanya mazoezi ya Antigone kwa ajili ya tamasha la gereza. Winston anavaa wigi na matiti ya bandia, mwenzake anacheka mpaka basi, naye anayavua kwa hasira: hataki kuchekwa, na isitoshe Antigone ni hadithi tu, wakati sheria inayomwumiza yeye anaiona kila siku. Mwandishi gani wa kutohoa amewahi kujiuliza swali hilo kwa ukali namna hiyo ndani ya kazi yake mwenyewe?

Kisha inakuja habari kwamba kifungo cha John kimepunguzwa. Bado miezi mitatu. Winston ana maisha. Ndipo siku ya tamasha John anasimama kama Creon na kumhukumu Winston. Hoja za Creon hapa ni fupi, zimejaa ujanja, na kwa mizani yangu ya hapo juu ningesema hazitoshi. Lakini anayezitamka si zimwi. Ni rafiki aliyemuuguza, na ambaye atatoka, na mwenzake atabaki. Huwezi kumzomea.

Katika kisiwa hicho hicho Nelson Mandela naye alishiriki Antigone, na nafasi aliyopewa ilikuwa ya Creon. Ameeleza katika kitabu cha maisha yake cha 1994. Aliona kwamba mwanzoni Creon ni mtu mkweli na mzalendo, na katika hotuba zake za kwanza mna busara kuhusu uongozi, kisha anaharibika kwa ugumu wake wa kutosikiliza. Wafungwa walijua vizuri kwamba alama yao ni Antigone. Hata hivyo mmoja wao alilazimika kukariri maneno ya mtawala, ayaseme kama anayaamini, mbele ya watu waliofungwa na watawala.

The Island inakwisha Winston akivua wigi na kusema kwa sauti yake mwenyewe. Halafu wanafungwa pingu pamoja, wanakimbizwa vile vile kama mwanzo wa mchezo, king'ora kinalia. John, aliyekuwa Creon dakika moja iliyopita, yumo katika pingu hizo hizo.