Sifa ya Mfua Matoazi

Ngoma ikiharibika sauti ina dawa. Ngozi ikilegea utaikaza, ikichakaa utaibadilisha, na hata pipa la mbao hafifu likivishwa ngozi nzuri na kukazwa na mtu anayejua, litatoa sauti ya kusikilizika. Toazi halina pa kukazia. Sauti yake ilikwisha kuamuliwa na mtu mwingine, mbali na hapa, kabla halijatiwa kwenye boksi; kilichobaki kwako ni kulipiga vizuri au vibaya. Ndiyo maana huwa nasema, kwa yeyote mwenye subira ya kunisikiliza, kwamba anayenunua seti ya drams aanze na matoazi. Mapipa yatafuata.

Kwetu mambo huenda kinyume. Kamati ya kwaya inachangisha mwaka mzima, inakwenda dukani, inachagua seti nyekundu yenye vyuma vinavyometa. Ndani ya boksi hilo hilo mna matoazi mawili matatu, na mhazini anafurahi kwamba yamekuja bure. Jumapili ya kwanza waumini wanagundua kwamba kila kijana akipiga krashi, toazi la kishindo, maneno ya pambio yanamezwa. Lawama zinamwendea kijana: anapiga kwa nguvu mno. Pengine ni kweli, vijana ni vijana. Lakini matoazi yale ya bure ni shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, yaliyokatwa kwenye bamba na kubonyezwa umbo kwa mashine. Yana mlio mmoja tu, mkali na mfupi, na ukiyapiga kwa upole hayakujibu.

Kuelewa tofauti inatoka wapi, lazima twende Istanbul.

Ukoo wa Zildjian husimulia kwamba mzee wao Avedis, Mwarmenia aliyekuwa akichezea madini kwa tamaa ya kupata dhahabu, alipata mchanganyiko wake wa bronzi mwaka 1618, na kwamba jina la ukoo, lenye maana ya mwana wa mfua matoazi, alipewa na Sultani mwenyewe. Karakana ilianza mwaka 1623. Wateja wa mwanzo walikuwa bendi za jeshi la Waturuki, zile zilizotangulia vitani kwa zumari na ngoma. Watunzi wa Ulaya waliusikia mlio ule wakautamani: Mozart aliuingiza katika opera yake ya mwaka 1782 iliyokuwa na kisa cha nyumbani kwa pasha.

Mchanganyiko wenyewe si siri tena. Ni sehemu 80 za shaba kwa 20 za bati, na watu wa fani huuita B20. Ugumu uko kwingine. Bronzi yenye bati nyingi kiasi hicho, ukiiacha ipoe polepole, hupasuka kwa nyundo moja. Mhunzi wa panga akitaka chuma kiwe kigumu hukichoma hadi kiwe chekundu, akakizamisha majini. Mfua matoazi hufanya kitendo kile kile akitaka kinyume chake: bronzi yake ikitoka motoni na kutumbukizwa ghafla majini, hukubali kufuliwa bila kuvunjika. Sijui mtu wa kwanza aliyethubutu alivunja mangapi kabla halijatokea la kwanza, lakini kila anayepiga raidi, toazi kubwa la kushika mdundo, leo anakula matunda ya ukaidi wake.

Kazi huanza na kipande kinene cha duara kilichomiminwa kalibuni. Kinachomwa, kinapitishwa kwenye vinu vya kubana, kinachomwa tena, kinabanwa tena, hadi kiwe sahani nyembamba nyeusi isiyo na sura ya kupendeza hata kidogo. Katikati hubonyezwa nundu. Baada ya maji, sahani huwekwa juu ya fuawe na nyundo inaanza. Hapa ndipo penye sifa yote. Kila pigo huibana bronzi mahali pamoja na kuilegeza pembeni yake, na maelfu ya mapigo hayo ndiyo yanayoamua kama toazi litavuma kwa muda mrefu au litakata sauti upesi, kama litakuwa na mlio wa juu au mzito. Mashine hupiga kwa mistari iliyopangana, na sauti hutoka safi, yenye kutabirika. Mkono wa mtu haupangi hivyo. Alama zake zimetawanyika, moja ina kina, nyingine juujuu, na sauti hutoka yenye giza na tabaka nyingi. Kisha toazi hufungwa kwenye mashine ya kukereza, fundi akaliegemea na patasi yake ndefu, na maganda membamba ya bronzi yakamtoka mikononi yamejikunja. Akiondoa gramu chache zaidi ya alivyokusudia, hakuna namna ya kuzirudisha. Mengine huachwa bila kukerezwa, na weusi wa tanuri hubaki usoni mwake. Hayo husema kwa ukavu, karibu kama maneno ya kunong'ona.

Ufundi huu umehama nyumba mara kadhaa. Mwaka 1929 ukoo wa Zildjian ulianza kufua Massachusetts, Marekani, na ndugu wawili wa kizazi cha baadaye walipokosana, Robert alikwenda Canada akaanzisha Sabian, jina alilolishona kutoka kwa majina ya wanawe Sally, Billy na Andy. Karakana ya zamani ya Istanbul ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ingekuwa ni jina tu linalofua, habari ingekwisha hapo. Lakini Mehmet Tamdeğer na Agop Tomurcuk walikuwa wamejifunza kazi humo tangu utotoni, na mwaka 1980 wakawasha tanuri lao. Agop alipofariki mwaka 1996 kazi iligawanyika mara mbili, na leo mnunuzi atakuta Istanbul Agop na Istanbul Mehmet, zote mbili zikifua kwa mkono. Hata Wajerumani wa Meinl, wenye kiwanda chao kwao, matoazi yao ya Byzance huyafanyizia Uturuki.

Msomaji asije akadhani nasema kwamba B20 ndiyo pekee yenye haki ya kuitwa toazi. Wapiga drams wengi hushika msimamo huo, nami nauona ni ushabiki. Paiste, nyumba ya Uswisi iliyoanzishwa na familia yenye asili ya Estonia, ilitoa mwaka 1971 matoazi yanayoitwa 2002, ya bronzi yenye bati asilimia 8 tu, yaliyokatwa kwenye bamba. John Bonham wa Led Zeppelin alijenga nusu ya radi yake juu ya matoazi hayo. Bamba lile lile, likipita katika mikono isiyojali, hutoa mlio wa sufuria. Madini huweka mpaka wa mbali ambao sauti inaweza kufika, lakini nyundo ndiyo inayoifikisha.

Sasa mfuko. Mwenye fedha nyingi simhurumii wala simshauri sana. Aende kwenye B20 yoyote iliyofuliwa vyema, Zildjian A au K, Sabian HHX, Byzance, hao wa Istanbul, achague kwa sikio, basi. Ninayemfikiria zaidi ni yule mwenye kidogo. Huyo hushawishika na seti ya matoazi manne ya bei nafuu, kwa sababu manne yanaonekana mengi. Zipo seti za shaba ya njano zinazotengenezwa kwa uangalifu, kama HCS ya Meinl au SBR ya Sabian, na mtoto anayejifunza nyumbani hatadhurika nazo. Ila atakayepiga mbele ya watu, kwa fedha ile ile, ningemwambia anunue haihati moja nzuri iliyokwisha tumika, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali, na krashi avumilie hiyo iliyokuja na drams. Akipata tena, atafute raidi. Krashi iwe ya mwisho.

Kwa nini haihati? Sikiliza muziki wetu wenyewe. Mdundo wa kavasha, ambao Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa aliutia katika damu ya rumba ya Kongo miaka ya 1970 na bendi za Nairobi zikaudaka, hukimbia juu ya ngoma ya sneya na haihati. Sebene, sehemu ya gitaa na kucheza, ikifunguka, mpiga drams hukaa hapo dakika nyingi mfululizo, na krashi anaigusa kwa nadra. Tony Allen wa Lagos, aliyempigia Fela Kuti, alijifunza siri za haihati kwa kusoma mafunzo ya mpiga drams wa jazi Max Roach gazetini, na mguu wake wa kushoto ukaja kuwa ala kamili peke yake. Kwa muziki wa namna hii, fedha iliyowekwa kwenye krashi kubwa ya kung'aa imewekwa mahali pasipokaa mtu.

Katikati, kati ya shaba ya njano na B20, pana uwanja mpana wenye thamani nzuri: bronzi ya B8 kama PST 7 ya Paiste, au mfululizo wa S wa Zildjian wenye bati asilimia 12. Kwaya nyingi na bendi za ukumbini hazihitaji zaidi ya hapo. Na wapo Wachina wa Wuhan, wanaofua B20 halisi kwa mkono na kuiuza kwa bei ya chini. Toazi moja na jingine hayafanani, kwa hiyo usiagize bila kusikia, lakini toazi lao la chaina, lile lenye ukingo uliopinduliwa juu, limo katika seti za wapigaji wenye uwezo wa kununua lolote.

Niliwahi kukaa dukani nikimtazama mzee mmoja wa bendi akichagua. Hakushika kijiti. Alipitisha kidole gumba katika tundu la toazi, akaliacha lining'inie, akaligonga ukingoni kwa ukucha, akainamisha sikio hadi mlio ukaisha kabisa. Kisha akalifunga kwenye stendi, akamwita kijana wa duka.

"Piga, mwanangu, mimi nasimama mlangoni. Taratibu kwanza. Hapana, si hivyo, unapiga kama unaua nyoka."

"Shikamoo, mzee, nisamehe."

"Marahaba. Haya, tena, kidogo tu."

Alisikiliza kutoka pale watakapokaa wasikilizaji, maana toazi lililo kali sikioni mwa mpigaji huweza kuwa tamu hatua kumi mbele, na lililo tamu kwake likapotea kabisa. Aligeuza haihati akasoma gramu zilizoandikwa ndani yake, akahakikisha la chini ni zito kuliko la juu. Akafunga pedali kwa mguu mara kadhaa, akisikiliza kama zinabana safi au zinafyonza hewa. Muuzaji alianza kuchoka. Mzee hakuwa na habari naye.

Tena kuna suala la jengo. Makanisa yetu mengi yana paa la bati, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, na kila mlio mkali hurudi mara tatu. Watu huona jengo kubwa wakataka toazi zito lenye kelele. Kinachofaa humo ni toazi jembamba, lenye sauti ya giza na linalozima upesi. Toazi zito liende uwanjani, kwenye mkutano wa hadhara, ambako upepo hubeba nusu yake.

Kwa toazi la mtumba, macho yaanze na tundu. Likiwa limeliwa upande mmoja hadi kuwa mviringo mrefu, mwenyewe alikuwa akilifunga bila kipira na feliti, vitu vya bei ndogo kabisa dukani. Kisha pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote, ukitafuta ufa; nyufa nyingine hufuata mistari ya kukerezwa na hazionekani kwa jicho. Ufa wa toazi hauzibwi. Fundi wa kulehemu akikuambia ataweza, mshukuru uondoke, kwa sababu moto wake utaua kazi yote ya yale maji na nyundo. Wengine hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, na hilo husaidia kwa muda. Kutu ya kijani na wekundu wa uzee visikutishe, na tafadhali usilisugue kwa ndimu na jivu kama sinia la harusi. Uzee huo umelituliza sauti, nawe hutaupata tena.

Naziomba kamati: andikeni matoazi kwenye mstari wake katika bajeti, mbali na drams, hata kama mstari huo mwaka huu unatosha haihati moja tu. Na siku ya kwenda dukani mchukueni yule kijana anayepiga, aende na vijiti vyake, na mumwache apige mpaka aridhike.