Mashabiki kama Wahakiki: Maoni kuhusu Toleo Jipya la Mchezo wa "The Secret of Monkey Island"

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili hawakuzoea kukutana na michezo ya kompyuta katika kurasa zake. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza: mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika visiwa vya maharamia wa kubuni, na sisi tuna tungo zetu ambazo hazijahakikiwa bado? Jibu ni kwamba ni tungo hizo hasa zilizonipeleka huko.

Mnamo Julai 2009 kampuni ya LucasArts ya Marekani iliutoa upya mchezo uitwao The Secret of Monkey Island, ambao ulikuwa umetoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Picha zilichorwa upya, muziki ukapigwa upya, na wahusika ambao hapo awali maneno yao yalisomwa tu wakapewa sauti. Mashabiki wa mchezo huo walishukuru, na papo hapo wakalalamika. Nilipoyachunguza malalamiko yao niliona kwamba yanahusu maswali ambayo sisi pia hatujayajibu barabara kila tunapochapisha upya kazi za wahenga wetu. Kazi ya kale ikitengenezwa upya, ni kitu gani kinachoruhusiwa kubadilika? Nani mwenye mamlaka ya kuamua? Na ile kazi ya awali iende wapi?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba malalamiko hayo, ingawa yalitolewa na watu wasiojiita wahakiki, ni uhakiki halisi wa fani. Na kwamba toleo hilo la 2009, pamoja na kasoro zake, lilifanya jambo moja ambalo wahariri wa fasihi ya Kiswahili wangefaa kuliiga.

Mchezo wenyewe

Ni vyema kwanza kuueleza mchezo kwa wale wasioufahamu. Ulitungwa na Ron Gilbert, akisaidiwa na Dave Grossman na Tim Schafer. Mhusika mkuu ni kijana aitwaye Guybrush Threepwood, anayefika katika kisiwa cha Mêlée akiwa na azma ya kuwa haramia. Mchezaji hashindi kwa wepesi wa vidole wala kwa kulenga shabaha. Hushinda kwa kuuliza, kuokota vitu, kuvihifadhi na kutambua kipi kinafaa kutumiwa pamoja na kipi. Kwa ufupi, mchezo huu ni hadithi yenye vitendawili, na haisongi mbele mpaka msikilizaji ategue.

Jambo linalomhusu zaidi mwanaisimu ni namna mchezaji anavyotenda. Katika toleo la 1990, chini ya picha paliandikwa orodha ya vitenzi kumi na viwili: fungua, funga, sukuma, vuta, nenda, okota, tazama, zungumza, toa, tumia, washa, zima. Mchezaji alichagua kitenzi kwa kipanya, kisha akachagua kitu, na sentensi ikajiunda mbele ya macho yake. Kila tendo lilikuwa kwanza tungo ya amri, ndipo likawa tendo. Aliyetaka kufungua mlango ilimpasa kwanza aseme "fungua mlango". Naam, hata makosa yalikuwa na ladha yake, maana mchezaji aliyeunda sentensi ya kipuuzi alijibiwa na mhusika kwa mzaha.

Liko na jambo la pili. Katika kisiwa hicho mapambano ya panga huamuliwa kwa maneno. Haramia hutoa tusi, na mpinzani hana budi kutoa jibu lililolingana nalo. Akikosa jibu hurudi nyuma, akizidi kukosa hushindwa. Guybrush hujifunza matusi na majibu kwa kushindwa mara nyingi njiani. Kisha anapokutana na bingwa wa upanga, bingwa huyo humtupia matusi ambayo hajapata kuyasikia, naye hulazimika kutambua ni lipi kati ya majibu ya zamani linaloweza kulijibu tusi jipya. Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hawezi kuusoma mpango huu bila kutabasamu. Tunakumbuka jinsi Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walivyopelekeana mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji yao ilipokuwa katika uadui. Huko nako silaha ilikuwa ulinganifu wa jibu. Wala sina maana kwamba Wamarekani hao waliiga kwetu. Nasema tu kwamba sanaa ya kujibizana si ngeni kwetu, na kwa hiyo tuna haki ya kuuhakiki mchezo huu kwa vipimo vyetu.

Malalamiko ya mashabiki

Sasa tuyatazame malalamiko. Baadhi yalikuwa madogo, kama lile la nywele za Guybrush, ambazo katika picha mpya zilisukwa kwa namna iliyowachekesha wengi na kuwaudhi wengine. Lakini yapo matatu yenye uzito.

La kwanza lilihusu picha. Toleo la awali kabisa lilitumia rangi kumi na sita tu. Wachoraji wake walikuwa na ujanja wao: walitia nukta za rangi mbili tofauti kwa kupishana, na kioo chenye ukungu cha zama zile kikazichanganya katika jicho la mtazamaji, akaona rangi ya tatu isiyokuwapo. Usiku wa kisiwa kile uliundwa nusu na mchoraji na nusu na mtazamaji. Picha za 2009 zina kila kitu: kila jani, kila mkunjo wa nguo. Mashabiki waliosema kwamba "hakuna tena siri" hawakuwa wakiropoka. Walikuwa wakieleza, kwa maneno yao, kwamba kazi iliyowaachia nafasi ya kushiriki imewapokonya nafasi hiyo.

La pili lilihusu sauti. Mzaha unaosomwa huenda kwa mwendo wa msomaji. Mzaha unaosemwa huenda kwa mwendo wa mwigizaji. Wengi walimpenda Dominic Armato, ambaye alikuwa amekwisha kuwa sauti ya Guybrush tangu mchezo wa tatu wa mfululizo huo uliotoka 1997. Hata hivyo, katika toleo la 2009 aliyetaka sauti ilimpasa akubali picha mpya, na aliyetaka picha za kale alinyimwa sauti.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, lilihusu vitenzi. Orodha ile iliondolewa mbele ya macho, ikafichwa mahali inapoitwa kwa kitufe. Nia ilikuwa njema, yaani kuipa picha nafasi. Lakini kilichofichwa ndicho kilichokuwa sarufi ya mchezo. Muhula mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu wachache hapa Eldoret matoleo yote mawili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa mwaka 1990. Karibu wote walizipenda picha mpya, na sikuona ajabu. Lakini baada ya robo saa mmoja wao alisema, "Mwalimu, lile la zamani lilikuwa likinifundisha la kufanya; hili linaningoja nibahatishe." Mwanafunzi huyo hakuwa na kumbukumbu yoyote ya utotoni ya kuitetea. Alikuwa akihakiki fani.

Hoja ya upande wa pili

Hapana budi tuwatendee haki wanaopinga. Watasema kwamba shabiki hapendi kazi, bali anapenda ujana wake. Watasema pia kwamba mchezo usiotengenezwa upya hufa, kwa kuwa mashine za leo haziwezi kuuendesha, na kwamba bila toleo jipya wanafunzi wangu wasingeujua. Hoja hizi zina nguvu. Isitoshe, mapenzi ya mashabiki huweza kugeuka jeuri. Mwaka 2022, Ron Gilbert alipotangaza mchezo mpya wa mfululizo huo, Return to Monkey Island, baadhi ya watu hawakuupenda mtindo wa picha zake, wakamshambulia yeye binafsi hata akafunga maoni na kuacha kuandika habari za mchezo huo katika ukurasa wake. Huo haukuwa uhakiki hata kidogo. Mtunzi aliyekuwa hai alinyimwa haki ya kuiendeleza kazi yake mwenyewe, na wanyimaji walijiita wapenzi wake.

Lakini mamlaka ya mtunzi nayo yasichanganywe na mamlaka ya mwenye mali. Gilbert alikuwa ameondoka katika kampuni ile tangu 1992. Toleo la 2009 lilitolewa na wenye hakimiliki, nao waliitazama kazi hiyo kama bidhaa iliyo ghalani inayoweza kuuzwa mara ya pili. Katika hali hiyo, ni nani aliyebaki kuisemea kazi yenyewe? Ni wale walioikariri. Ni mashabiki pia walioanzisha, mwaka 2001, programu ya ScummVM inayowezesha michezo ya kale kuchezwa katika kompyuta mpya bila kubadilishwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kazi ya kale lazima ipambwe upya ndipo iishi.

Kitufe kimoja

Nimesema kuwa toleo la 2009 lilifanya jambo la kuigwa. Katika kompyuta, mchezaji akibonyeza kitufe cha F10 picha mpya hutoweka, na mahali pale pale alipo hurudi toleo la kale, pamoja na vitenzi vyake vyote. Akibonyeza tena, hurudi kwenye jipya. Mhariri amemwambia msomaji: haya ndiyo niliyoyafanya, na hiki ndicho nilichokikuta; amua mwenyewe. Mwaka uliofuata, toleo jipya la mchezo wa pili liliruhusu hata sauti kusikika juu ya picha za kale. Baadaye matoleo mapya ya Grim Fandango mwaka 2015, Day of the Tentacle mwaka 2016 na Full Throttle mwaka 2017 yakafuata njia hiyo hiyo ya kubadilishana. Faida yake si kwa wapenzi wa kale peke yao. Shabiki anayedai kwamba la kale lilikuwa bora hulazimika kulitazama, na pengine hugundua kwamba kumbukumbu yake ndiyo iliyopaka rangi zisizokuwapo. Kitufe hicho humhukumu mhariri na shabiki kwa pamoja.

Sasa turudi nyumbani. Muyaka alitunga kwa Kimvita, na tungo za zama zake ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Zilikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, zikahaririwa na W. Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940 kwa hati za Kirumi. Hichens huyo huyo alikuwa amechapisha Al-Inkishafi mwaka 1939. Mnamo 1930 ilikuwa imekwisha kuundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamia Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja. Tangu hapo kila mhariri wa tungo za Kimvita na Kiamu amekuwa na kishawishi cha kusanifisha.

Hasara yake huonekana katika vina. Tuseme mshairi wa Mvita amemaliza mishororo yake kwa moto, mtoto na mato. Mhariri mwenye nia njema aonapo mato huandika macho, kwa kuwa ndivyo tunavyosema shuleni. Msomaji wa leo ameelewa, lakini kina kimevunjika, na lawama inamwendea mshairi kwamba hakujua arudhi. Hayo ndiyo yaliyowapata wachoraji wa nukta za rangi mbili: kazi yao ilihukumiwa kwa kioo kisichokuwa chao.

Hata pale mtunzi mwenyewe anapojisahihisha tunapata hasara tukiliacha la kwanza lipotee. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, akaipitia na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Jina peke yake latosha kutuonyesha kwamba katika miaka hiyo sita mawazo yake juu ya kuliswahilisha jina geni yalikuwa yamesonga. Anayesoma toleo la pili tu anapata tafsiri, lakini hawezi kuuona mwendo wa fikra uliomfikisha mfasiri hapo.

Hitimisho

Mji ninaoandikia makala haya uliitwa Eldoret rasmi mwaka 1912, na mwaka 2024 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Hata hivyo wazee bado huuita Sisibo, kwa sababu ulianzia katika shamba nambari 64. Majina yote mawili yanaishi, na anayeyajua yote anaijua historia ya mahali hapa kuliko anayejua moja. Nami sioni sababu ya kuzinyima tungo zetu haki ambayo mji umeipata bila kuiomba.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba asitokee mhariri wa kuitoa upya kazi ya kale ya Kiswahili bila kueleza alichobadilisha na sababu yake. Na inapowezekana, matini aliyoikuta ichapwe ukurasa unaokabili ile aliyoisanifisha. Gharama ya karatasi itaongezeka, sikatai. Lakini kwa kuwa matini nyingi sasa huwekwa katika kompyuta, hata kisingizio hicho kinapungua nguvu. Na wakati wasomaji wa kawaida watakapolalamika kwamba shairi walilolikariri kwa bibi zao si lile lililochapwa kitabuni, tusiwacheke kwa kukosa elimu. Tuichukue ile hati ya kale, tuiweke kando ya kitabu, tuwasikilize.