"Pengo Likafunguka": Kisa cha Msako wa Nguruwe Tandahimba kama Kazi ya Fasihi

Utangulizi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Tandahimba nikarekodi kwa simu kisa kimoja cha msako wa nguruwe, kama kilivyosimuliwa na mjomba wangu usiku wa siku ileile ya msako. Nilipokisikilizisha darasani, mwenzangu mmoja alisema waziwazi kwamba hiyo si fasihi, ni porojo za watu waliochoka. Wengine walicheka. Walimu hawakucheka, lakini na wao waliuliza: ubunifu uko wapi, ikiwa mambo yote yalitokea kweli na wasikilizaji wote walikuwepo?

Swali hilo ni la haki na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba kisa cha msako kina kanuni zake, kina usanii wake, na kina dhamira nzito kuliko hadithi nyingi za sungura na fisi tunazozichambua kila muhula. Nitakiri pia, mapema kabisa, kwamba mimi ni mhusika katika kisa chenyewe, na kwamba sikufanya vizuri. Msomaji aniamulie kama hilo linanifanya mhakiki mbaya.

Mazingira ya kisa

Asiyeijua nyanda ya juu ya Umakonde adhani msako ni mchezo wa mbugani. Hapana. Huku hakuna mbuga ya kumwona mnyama akiwa mbali. Kuna mashamba ya muhogo, mbaazi na mikorosho, na katikati yake vichaka vizito ambavyo mtu mzima hupita kwa kuinama. Nguruwe pori hulala humo mchana; usiku hutoka kufukua muhogo. Kundi moja likiingia shambani usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba hukuta mashimo.

Msako hufanywa hivi: kikundi kimoja kinaingia kichakani na mbwa, kikipiga kelele. Kikundi kingine kinasimama upande wa pili kwa mstari, kila mtu na nafasi yake, mkononi mkuki au panga. Siku hiyo lilikuwepo gobore moja tu. Kazi yote ni ya mbwa. Bila mbwa nguruwe hatoki, na akitoka huwezi kumsimamisha. Ndiyo maana wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Wakimsifu mbwa wamemsifu na mwenyewe, bila mwenyewe kufungua mdomo.

Kuna kinyume kimoja hapa ambacho mhakiki hapaswi kukipita. Wengi wetu nyanda za juu ni Waislamu. Nguruwe hatumli na mbwa haingii ndani ya nyumba. Kwa hiyo watu wanashinda juani siku nzima wakimfuata mnyama wasiyemla, wakiongozwa na mnyama wasiyemgusa ovyo, na mwisho wa siku nyama wanaitiwa majirani Wakristo. Msako huu basi si wa kitoweo wala wa kujifurahisha. Ni vita ya kulinda chakula. Kisa chake nacho hakiwezi kusomwa kama majigambo ya mwindaji.

Kinaingia utanzu gani?

Mulokozi, katika makala yake ya 1989 katika jarida la Mulika, aliigawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Katika masimulizi alitenga hadithi za kubuni na zile za kisalua, zinazodai kusema yaliyotokea, kumbukumbu zikiwemo. Kwa haraka tungekitupa kisa cha msako kwenye kumbukumbu tukaenda zetu. Lakini kumbukumbu ina mwenyewe: mtu mmoja anakumbuka. Kisa cha msako hakina mwenyewe. Mjomba aliposema "Subira akaingia kwanza," sauti tatu zilimkata: "Alianza Tutaonana!" Mabishano yakawa marefu, na msimulizi hakuweza kuendelea mpaka wamekubaliana. Hapo tayari tuko kwenye mazungumzo. Na mzee mmoja aliposimama kuigiza namna dume lilivyogeuka, tuko kwenye maigizo.

Rai yangu ni kwamba kisa hiki kinakaa mpakani mwa tanzu tatu, na kwamba mpaka huo si kasoro. Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliupa ushairi wa wawindaji mahali pake pamoja na ule wa vita na kazi, na Babalola aliandika kitabu kizima (1966) juu ya ijala ya Wayoruba. Hakuna aliyewaambia Wayoruba kwamba ijala ni porojo. Sisi visa vyetu tunavicheka kwa sababu havina vina na mizani.

Jambo jingine ni kurekodi. Karl Weule alipofika Masasi na Newala mwaka 1906 alikuja na fonografu, akanasa nyimbo. Nyimbo hukubali kunaswa. Kisa cha msako kinakataa, kwa sababu nusu yake imo ndani ya wasikilizaji. Darasa langu lilicheka kwa kuwa halikuwajua mbwa. Mtu asiyemjua Subira atahuzunikaje Subira anapokufa?

Fani: majina na kauli

Nianze na majina. Mbwa watatu walitajwa: Subira, Tutaonana na Majirani. Haya si majina ya kupamba. Tutaonana aliitwa hivyo mwenyewe alipogombana na nduguye kuhusu mpaka wa shamba. Kila akimwita mbwa wake jioni, ndugu husikia. Majirani naye yumo kwenye ugomvi mwingine, nisiuseme. Basi kisa kinapotaja "Majirani kakimbia, Tutaonana kabaki," wasikilizaji wanasikia mambo mawili kwa mpigo, la mbwa na la watu, na kicheko kinatoka kwenye lile la pili. Tungekuta maneno haya katika riwaya tungeandika kurasa tatu juu ya taswira na kejeli.

Pili, nafsi. Katika dakika zote nilizorekodi, mjomba hakusema hata mara moja "nilimchoma". Alisema "mkuki ukaingia." Mkuki ulikuwa wake na kila mtu anajua. Kujitaja ni utovu wa adabu. Anayestahili sifa hutajwa na wengine. Linganisha na maandishi ya wawindaji wa Kizungu waliopita nchi hii. Hemingway alifika Tanganyika mwishoni mwa 1933 na kitabu chake Green Hills of Africa kikatoka 1935. Ionides, Bwana Nyoka aliyekaa Newala, alitoa Mambas and Man-Eaters. Ni vitabu vyenye thamani yake. Lakini huko "mimi" ndiye anayewinda na "mimi" huyohuyo ndiye anayeandika. Wanaofuata nyayo na kubeba vitu wanategemea hisani ya kalamu yake. Kwetu, anayesimulia anachungwa na waliokuwepo.

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa hoja yangu, kauli ya kitenzi. Nieleze kilichotokea. Nilipangiwa nafasi yangu kwenye mstari, kati ya mikorosho miwili. Mbwa walipobweka karibu, nikasikia vichaka vinavunjika kuja upande wangu, dume kubwa likatokea, nami nikaacha panga nikapanda mkorosho. Dume likapita pale nilipotakiwa kusimama. Subira akalifuata peke yake, likageuka, likampasua tumbo. Mjomba alilikuta hapo.

Usiku ule nilikaa nyuma ya watu nikingoja kutajwa. Mjomba alifika mahali hapo akasema: "Basi, pengo likafunguka." Kisha akaendelea na Subira.

Wanafunzi wa isimu wanajua tofauti. Angeweza kusema "akalifungua pengo", mtenda angekuwa mimi. Angeweza kusema "pengo likafunguliwa", watu wangeuliza na nani. Alichagua kauli ya kutendeka: pengo lilifunguka, kama mlango unaofunguka kwa upepo. Kitendo kimo, athari imo, mtenda hayumo. Hakusema uongo. Kila aliyekuwepo alijua, na hakuna aliyemkata, ingawa walikuwa wamemkata kwa jambo dogo la mbwa gani alianza. Ukimya wao nao ni sehemu ya matini.

Mtu akiniuliza tena ubunifu uko wapi, nitamwonyesha neno hilo moja. Msanii aliyebanwa na ukweli pande zote, asiyeweza kuongeza wala kupunguza tukio, alipata mahali padogo pa kufanya uamuzi, akaamua. Mpwa wake akalala usiku ule akiwa bado ni mtu.

Maudhui: pengo jingine

Ningeishia hapo makala yangekuwa ya shukrani, si ya uhakiki. Asubuhi yake nilimkuta bibi jikoni, naye alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Akasema, "Subira kafa, mmesimulia mpaka usiku wa manane. Muhogo wangu je, nani ameusimulia?" Kisha akanihesabia siku alizolala shambani yeye na binamu zangu wa kike, wakigonga madebe, kabla wanaume hawajakubaliana siku ya msako. Ilikuwa zaidi ya wiki mbili.

Nikarudi kwenye simu nikasikiliza upya. Kisa kinaanzaje? "Nguruwe walikuwa wamezidi." Walizidi tu! Nani alichelewa, nani alilala nje, havimo. Kauli ileile iliyonisitiri mimi imewasitiri wanaume wa kijiji kizima. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mtoto wa shule mwenye hofu, wao walikuwa na mikuki na mbwa.

Na kulala shambani si jambo dogo. Utafiti wa Packer na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563, sehemu kubwa wakiwa wa kusini na mashariki, na kwamba mashambulizi yalihusiana na wingi wa nguruwe pori mashambani. Nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na hapo katikati yupo mtu aliyelala kibandani akilinda muhogo. Historia nayo inasema. Sunseri, katika makala yake ya 1997 juu ya Uzaramo, alieleza jinsi vikwazo vya uwindaji vya serikali ya Kijerumani pamoja na kuondoka kwa wanaume kwenda kazini vilivyowaacha wanawake wapambane na nguruwe na njaa, akayahusisha hayo na kuzuka kwa Vita vya Maji Maji. Uzaramo si Umakonde, lakini swali la bibi lingeeleweka huko vilevile.

Kwa hiyo dhamira ya kisa hiki ina sura mbili. Kwa upande mmoja kinafundisha utu: usimwaibishe mnyonge mbele ya watu. Kwa upande wa pili, kwa adabu hiyohiyo, kinafuta kazi ya wale ambao msako ulifanywa kwa ajili yao. Mhakiki akisifu upande mmoja tu, ama ni mpambe wa mila, ama ni mgeni aliyekuja kuwafundisha watu kwao.

Tumezoea kukata fani huku na maudhui kule, kama watu wanaogawa nyama. Kisa hiki kinakataa. Mnyambuliko mmoja wa kitenzi ndio fani yake na ndio siasa yake. Mahali kitenzi kinapoficha mtenda, inatubidi tuulize kila mara: anayefichwa ni nani, na anafichwa dhidi ya nani?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kisa cha msako ni fasihi: kina wasikilizaji wanaokichunga, kina mtindo wa kumficha "mimi", kina majina yenye tabaka mbili, na kina uchaguzi wa kauli unaobeba uamuzi wa kimaadili. Nimejaribu pia kuonyesha kwamba kina upofu wake, na kwamba mhakiki wake wa kwanza hakuwa mimi bali bibi, aliyetoa hoja yake kwa sentensi mbili bila nadharia yoyote.

Wenzangu mnaotoka Masasi, Newala, Nachingwea na kwingineko, visa hivi mnavijua. Msivilete darasani vikiwa vimesafishwa. Vileteni na makelele ya wanaokatiza, na kabla ya kuzima kinasa sauti, nendeni jikoni mkaulize huko nako kimesimuliwaje.

Kuhusu ule mkorosho, nimeusema hapa kwa kauli ya kutenda: mimi ndiye niliyelifungua pengo. Mjomba hakunitaka niseme, wala sidhani kwamba atafurahi akisikia nimeandika. Lakini nisingeweza kumdai yeye ataje waliolinda muhogo huku mwenyewe nikiwa bado niko juu ya mti. Nakaribisha kukosolewa.